Sanduku la Matundu Kumi na Mawili

Jumanne moja katikati ya mwezi wa pili, mwaka 1953, Loisi alikaa kwenye benchi la hospitali ya misheni, mguu wa kulia ameuweka juu ya kigoda, akimtazama dresa Barnaba akichovya kisu kidogo kwenye spiriti. Mvua ilikuwa imekatika tangu alfajiri, na wanawake walioleta watoto kupimwa uzito walikuwa wameanika kanga zao juu ya ua wa michongoma. Nikodemo, mume wa Loisi, alisimama mlangoni ameshika kofia kwa mikono miwili, kama alivyozoea kusimama kanisani.

Doa lilikuwa kwenye wayo, karibu na kisigino. Lilikuwa jeusi, la ukubwa wa punje ya hindi, na Loisi alikuwa nalo tangu alipoolewa bila kulijali zaidi ya alivyojali ukucha. Mwaka ule lilianza kutambaa upande mmoja, na kila akitoka shambani lilikuwa likitoa majimaji. Daktari Mzungu alilitazama kwa muda mrefu, akamwambia Barnaba aandae sindano ya ganzi.

"Tunalikata lote, mama," Barnaba alisema. "Kisha linakwenda Dar es Salaam. Huko wana darubini ya kutazamia nyama. Watatuambia kama ni doa tu."

"Na kama si doa tu?"

"Watatuambia pia."

Alikitia kipande kile ndani ya kichupa kilichokuwa cha dawa ya macho, akamiminia dawa ya kuzuia kuoza, akaziba kwa nta. Kwenye karatasi aliandika: Loisi, mke wa Nikodemo, kijiji cha Mpemba. Majibu, alisema, huchukua wiki sita. Nikodemo akavaa kofia yake, akampakia mkewe kwenye baiskeli, wakarudi nyumbani polepole kwa ajili ya mguu.

Alhamisi mchana Loisi alikuwa uani akichambua maharage, kidonda kikaanza kutikisika. Hakikuuma. Kilitikisika tu, kama kitu kilichowekwa juu ya mbao za gari, na mara kwa mara kilirushwa juu kikatua. Aliunyoosha mguu juu ya mkeka na kuusikilizia mpaka mumewe aliporudi.

"Kimepanda lori," alimwambia.

"La posta?"

"Nadhani la posta. Linakimbia."

Nikodemo alikuwa mfyatua matofali, mtu wa maneno machache. Alinawa udongo mikononi, akakaa. "Barabara ya huko mbele imeharibika," alisema. "Watakwama kabla ya magharibi."

Walikwama. Loisi alisikia utulivu wa kama saa nzima, kisha mtikisiko wa watu wakisukuma, kisha safari tena.

Mama yake Nikodemo, bibi Anastazia, aliyekaa nyumba ya pili kwenye ua uleule, hakuona jambo geni. Marehemu mumewe alikatwa vidole viwili na mashine kwenye mgodi wa shaba huko Luanshya, navyo vikazikwa hukohuko. Kwa miaka kumi na minne vidole vile vilimletea habari za mvua ya Luanshya, na siku moja vilimwambia kwamba kuna mazishi makubwa, kwa sababu watu wengi walipita juu yavyo wakitembea taratibu.

"Nyama haimsahau mwenyewe," bibi Anastazia alisema. "Ee mukwai, ndivyo hivyo. Wewe usiilazimishe kusema. Isikilize tu."

Ijumaa jioni kutikisika kuliisha. Tangu Jumamosi, kila asubuhi upande wa kushoto wa kidonda ulipata joto, kama umeshikwa na kiganja cha mtoto, mpaka jua linapopanda juu ya paa, kisha ulipoa. Mchana Loisi alisikia vishindo vidogo vya harakaharaka vikikatizwa na mlio mmoja mwembamba. Alipomwigizia Nikodemo kwa vidole juu ya kinu, mumewe alimwambia hiyo ni taipureta, aliwahi kuisikia alipojenga choo cha ofisi ya serikali. Jumapili hakukuwa na chochote.

"Kiko dirishani," Loisi alisema. "Dirisha la mashariki, ndani ya ofisi."

"Wanakipumzisha," Nikodemo alisema. "Safari bado ndefu. Kuna Iringa, kuna Dodoma, kuna treni."

Wakasubiri kitoke dirishani.

Wasiwasi wa Loisi haukuwa wa kumlaza mtu kitandani. Ulikuwa wa kumwinua. Ulimwamsha kabla ya jogoo, ukamtia jembe mkononi. Kwa kuwa hakuweza kukanyaga, alipalilia kwa magoti, mguu wenye bendeji ukiburuta nyuma kama wa mtu mwingine. Alimaliza shamba lake la mahindi kwa siku tatu. Akaingia la mama mkwe. Akaingia la wifi yake, Ferista, mdogo wake Nikodemo, aliyekaa ng'ambo ya kijito. Akapalilia shamba la kanisa, akapalilia makaburi, akapalilia kingo za barabara kuu upande wa kushoto na upande wa kulia. Mwezi wa tatu ulipokwisha, Mpemba nzima haikuwa na jani lililoota bila kupandwa, na wachunga ng'ombe walilazimika kwenda hadi karibu na mpaka kutafuta malisho. Walimpita Loisi wakamwamkia kwa adabu. Walijua anasubiri majibu.

Alipopalilia hakuwaza. Tatizo lilikuwa anaposimama. Akisimama, wazo lilikuja palepale, kama kuku anayengojea mlango ufunguliwe. Kanisani alianza Baba Yetu pamoja na wengine, akifika penye "mapenzi yako" alinyamaza, maana hakutaka kutoa ruhusa haraka. Aliungana nao tena kwenye mkate wa kila siku.

Ferista alikuja kumtazama karibu kila siku. Alikuwa na moyo mzuri na mdomo usio na komeo. Alimsimulia habari za mwanamume wa Mbebe aliyekuwa na doa kama lile mgongoni, akapuuza; na za mwanamke wa Mbebe aliyekuwa na doa kama lile shingoni, hakupuuza, na bado.

"Na bado nini, wifi?" Loisi aliuliza.

Ferista aliutazama mfuko wake wa ulezi. "Nimekuletea ulezi," alisema. "Wa uji."

Jioni Loisi na Nikodemo hawakulizungumza jambo lenyewe. Walizungumza juu ya mahindi, na juu ya binti yao Tumpe aliyeolewa Mbebe, kama atapata nafasi ya kuja baada ya mavuno. Nikodemo alianza kufyatua matofali ambayo hakuna aliyeyaagiza. Aliyapanga nyuma ya nyumba, safu juu ya safu. Kabla ya kulala aliuliza swali moja tu.

"Mguu unasemaje leo, mama Tumpe?"

"Uko dirishani."

"Haya."

Wiki sita zikapita. Loisi alikwenda hospitali, Barnaba akapekua barua zote, hakuna. Wiki ya nane hakuna. Wiki ya kumi na mbili Barnaba alimwambia kwamba huko Dar es Salaam wana kazi nyingi. Kidonda kilikuwa kimefunga vizuri kikaacha kovu laini, la rangi ya ndizi iliyoiva, na Barnaba alilisifu kama mtu anayesifu mshono wake mwenyewe.

Mwezi wa sita, asubuhi moja ya ukungu, Loisi alikuwa akioga nyuma ya uzio wa matete. Mkono wake ulipita kwenye kinena cha upande wa kulia, ukakuta kitu. Kilikuwa kidogo, kigumu, kama njegere kavu chini ya ngozi. Alikibonyeza. Hakikuuma. Wanakijiji huita uvimbe wa mahali pale mtoki, na kila mtu aliyewahi kujikwaa amewahi kuupata. Hutokea, hukaa siku mbili, huenda zake. Loisi aliupa siku mbili. Aliupa wiki. Hakumwambia mtu, kwa sababu aliona kwamba jambo ambalo halijatamkwa bado lina nafasi ya kubadili mawazo. Badala yake alimwambia mumewe kwamba wanakwenda hospitali tena.

"Hakiko Dar es Salaam," alimwambia Barnaba. "Watu wote waliofika huko wanasema kuna joto. Mguu wangu una baridi tangu mwezi wa tano."

Barnaba alifikiri. Alikwenda kukitungua kipimajoto cha ukutani, akakilaza juu ya kovu, akasubiri dakika tano huku akitazama saa. Mguu wa Loisi ulikuwa na joto la kawaida la mtu. Kovu lilisoma nyuzi hamsini na mbili za Farenhaiti, baridi ya milimani.

"Hiyo si Dar es Salaam," Barnaba alikubali. "Hiyo ni mjini, kwenye bohari ya dawa. Huko ndiko tunakopitishia vichupa." Aliandika nyuzi zile kwenye daftari la wagonjwa, kisha akawaandikia barua fupi ya kumwonyesha karani.

Walipanda lori la mahindi kesho yake. Kadiri walivyokaribia mji, kovu lilizidi kuchangamka, na lori liliposimama sokoni Loisi hakuhitaji kuuliza njia. Alitangulia akichechemea, Nikodemo nyuma yake, wakapita posta, wakapita mahakama, wakafika kwenye nyumba ya bati yenye dirisha la mashariki. Kichupa chake kilikuwa pale kwenye kizingiti cha dirisha, ndani ya sanduku la mbao lililo wazi. Loisi alikitambua kabla ya kusoma jina. Alikinyooshea kidole, na kovu likamwasha.

Karani wa bohari aliitwa Danford, kijana mwembamba aliyevaa tai na sweta. Aliisoma barua ya Barnaba mpaka mwisho.

"Ndiyo, mama," alisema. "Wewe ni namba tisa."

"Nimekaa hapa tangu mwezi wa pili," Loisi alisema.

"Tangu tarehe ishirini. Namba moja amekaa tangu Novemba." Aliwaonyesha sanduku. Lilikuwa na matundu kumi na mawili yaliyochongwa vizuri, kila tundu kwa kichupa kimoja. Tisa yalikuwa na vichupa. Matatu yalikuwa wazi. "Sanduku la Waafrika haliondoki mpaka lijae. Ndiyo agizo. Fomu yake ina mistari kumi na miwili, na mistari yote lazima iwe na majina."

Nikodemo alilichunguza sanduku kama anavyochunguza kazi ya fundi mwenzake. "Haya matatu tukiyajaza pamba?" aliuliza. "Vichupa visigongane."

"Pamba haina jina, mzee."

Juu ya meza kulikuwa na sanduku jingine, dogo, lenye kichupa kimoja na muhuri mwekundu. Danford aliona wanalitazama.

"Hilo ni la mke wa bwana mmoja wa shamba la kahawa," alieleza. "Kililetwa jana. Kinaondoka kesho kwa ndege."

"Kiko kimoja," Nikodemo alisema.

"Ndiyo. Lile lina tundu moja."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayesoma ratiba. Nikodemo alitikisa kichwa polepole, akauliza mwaka uliopita sanduku lilijaa lini, Danford akafungua kitabu akamjibu: mwezi wa nane. Mwaka wa kabla yake halikujaa.

Loisi alikuwa bado amesimama karibu na dirisha. Kule kuwa mahali pamoja na kipande chake kulimpa kizunguzungu kidogo, kama mtu aliyejisikia akiitwa kutoka vyumba viwili.

"Jua hili linakusumbua, mama?" Danford alimuuliza. "Naweza kulisogeza sanduku kivulini."

"Usilisogeze," Loisi alisema. "Baridi yenu ni kali. Hilo jua ndilo ninaloota."

Danford akaliacha palepale. Walipoaga aliwasindikiza hadi barabarani, jambo ambalo hakulazimika kulifanya, akasema kwamba yeye hufika kazini mapema na hulifungua dirisha lile kabla ya mengine.

Kwenye lori la kurudi walivuka daraja la kwanza. Nikodemo alijikuna nyuma ya bega.

"Mimi nina doa hapa," alisema. "Jeusi. Mama anasema nimezaliwa nalo."

"Halina ugonjwa, baba Tumpe."

"Halina. Lakini lina jina."

Lilikuwa wazo rahisi, na hakuna aliyelipinga. Bibi Anastazia alisikiliza habari za sanduku, kisha akalishika doa lake la shavuni, dogo, la mviringo, lililosimama karibu na mdomo kama mdudu anayesikiliza. Marehemu alilipenda doa lile. Alipokuwa Luanshya, kila barua aliyomwandikisha mtu ilimalizia kwa kulisalimu.

"Na hili," alisema.

"Mama, hilo hapana," Loisi alisema.

"Mwenye kulisalimu ameshakufa, mwanangu. Limekaa tu."

Ferista alikuwa nalo mkononi, juu ya kiwiko. Alilitoa bila kusimulia habari ya mtu yeyote wa Mbebe, na Loisi alitambua jinsi ilivyomgharimu kunyamaza kule.

Watatu wale wakakaa kwenye benchi la hospitali, Alhamisi, kwa zamu. Barnaba alichovya kisu.

"Mnaumwa?" aliuliza.

"Hatuumwi," Nikodemo alijibu.

"Basi kwenye fomu niandike nini?"

"Andika doa."

Aliandika doa mara tatu. Daktari Mzungu alipita, akasimama, akaelezwa. Alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji kufutwa, kisha akatia sahihi.

Sanduku liliondoka bohari Jumatatu ya wiki ya pili ya mwezi wa saba, saa tatu asubuhi. Loisi alikuwa akipukuchua mahindi. Lile joto la kiganja cha mtoto lilitoweka ghafla, giza likaingia kwenye kovu, na kifuniko kikapigiliwa misumari minne. Alisimama kumwita mumewe, akamkuta tayari anakuja, mkono umepinda nyuma ya bega.

Wiki ile ilikuwa nzuri kuliko zote. Kila siku jua lilipoinama walikaa uani wanne, wakamenya viazi, na kila mmoja alisema kile alichokuwa nacho. Nikodemo alikuwa wa kwanza kupata Iringa, kwa sababu ya kona. Ferista alipata Dodoma: vumbi, na upepo usioisha. Kisha mtikisiko ukabadilika, ukawa wa mapigo yanayolingana, na bibi Anastazia, aliyekuwa hajawahi kupanda treni maisha yake yote, alishika shavu akasema, "Hii ndiyo treni? Inabembeleza." Alisinzia palepale kwenye kiti. Loisi alimtazama, kovu lake nalo likibembelezwa, na kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa pili hakuwa na hamu ya jembe. Alitaka safari ile isifike.

Ilifika. Usiku wa Jumamosi, wakiwa mezani, wote wanne walianza kutoka jasho, kila mmoja mahali pake: wayo, bega, shavu, kiwiko. Lilikuwa jasho la chumvi. Jumatatu saa nne Loisi alisikia kichupa kikifunguliwa. Alisikia wembe mwembamba sana, mwepesi, ukimkata vipande visivyo na unene, kisha ubaridi wa kioo, kisha mwanga. Mtu alimtazama. Alimtazama kwa muda wa kunywa kikombe cha chai. Kisha mwanga ukazimwa. Kazi yote haikuchukua hata muda wa saa mbili.

"Wameshajua," Loisi alisema.

Nikodemo alikuwa na ubao wa matofali mikononi. Aliuweka chini. "Wamesemaje?"

"Hawakuniambia. Wameandika."

Barua ilichukua wiki tatu kurudi. Barnaba alituma mtu kuwaita, na mtu yule hakutazama usoni alipotoa ujumbe. Walikaa kwenye benchi lilelile. Barnaba alikuwa na karatasi mbili. Ile ya kwanza ilisema kwamba namba kumi, kumi na moja na kumi na mbili ni madoa ya kawaida, hayana ubaya. Aliisoma kwanza, polepole, kama mtu anayetaka iwe ndefu zaidi.

Ya pili ilikuwa ya namba tisa. Daktari alikuwa amemfafanulia, naye akaifafanua kwa Kiswahili, kisha, kwa kuwa Kiswahili kilikuwa kigumu mdomoni mwake siku ile, akarudia kwa Kinyiha. Lilikuwa si doa tu. Ilishauriwa mguu ukatwe chini ya goti bila kuchelewa, na ilielezwa kwamba waliokatwa mapema wengi wao hupona. Kama kumeshatokea uvimbe kwenye kinena, kukata hakusaidii tena, na mgonjwa asisumbuliwe.

"Daktari yuko tayari hata kesho," Barnaba alisema. "Hakuna uvimbe, mama? Mwezi wa tatu nilikupima mwenyewe, hakukuwa na kitu."

Loisi alimtazama mumewe. "Upo," alisema.

"Tangu lini?"

"Mwezi wa sita. Mwanzoni."

Barnaba hakuandika. Nikodemo alikuwa akitazama mikono yake. Alikuwa akihesabu kitu kwa ncha za vidole, akafika mwisho, akarudia tangu mwanzo: wa pili, wa tatu, wa nne, wa tano.

"Hukuniambia, mama Tumpe," alisema.

"Tulikuwa dirishani," Loisi alisema. "Ningekuambia, ungefanya nini na dirisha?"

Nikodemo alimshika mkono mbele ya watu, jambo ambalo wanaume wa Mpemba hawakulifanya, na hakuuachia mpaka walipofika kwenye baiskeli. Njiani alisukuma tu; hakupanda. Yale matofali aliyoyafyatua bila kuagizwa aliyatumia kumjengea mkewe chumba chenye dirisha la mashariki, kwa sababu Loisi alisema anapenda kuota jua asubuhi, na hakuwa na nguvu tena za kwenda uani. Tumpe alikuja kutoka Mbebe akakaa. Bibi Anastazia alikuwa na kovu dogo shavuni, na mara nyingine alilipapasa, akasema kwamba huko waliko wamepangwa kwenye rafu moja, wote wanne, namba tisa kando ya namba kumi, na kwamba hakuna anayewasumbua.

Habari za sanduku zilienea. Ferista alizipeleka nyingi, na safari hii mdomo wake ulikuwa na faida. Watu walioambiwa na hospitali kwamba kipande chao kinakwenda Dar es Salaam walianza kuja na ndugu kumi na mmoja. Walikuja kutoka Mbozi, kutoka Momba, wengine walivuka mpaka. Wajomba, mashemeji, mabibi, wamevua mashati kwenye foleni, kila mmoja ameshika kidole mahali lilipo doa lake. Mwezi wa tisa sanduku liliondoka mara mbili. Serikali iliridhika. Ofisi iliiandikia misheni kuipongeza kwa idadi, na ikaeleza kwamba, kwa kuwa kazi imeongezeka hivyo, limetengenezwa sanduku jipya lenye matundu ishirini na manne, badala ya lile la kumi na mawili.

Barua hiyo ilifika hospitali siku moja ya joto mwezi wa kumi, Loisi akiwa amelazwa kwenye machela barazani, akingojea dawa yake ya maumivu. Nikodemo alikuwa amekwenda kuchota maji. Kwenye benchi alikaa mwanamke wa makamo kutoka Mkwajuni, jina lake Teresia, mwenye baka jeusi chini ya ukucha wa dole gumba, na uani kulikuwa na ndugu zake kumi na mmoja waliotembea siku tatu. Barnaba alikuwa amemkata tayari. Alisimama mbele yake na barua mkononi, akamweleza.

Teresia aliwatazama watu wake, akawahesabu kwa macho, ingawa alijua idadi yao. "Sina wengine," alisema. "Wengine wa kwetu wako Lupa, kwenye dhahabu. Wengine walikufa."

"Basi tutasubiri, mama," Barnaba alisema. "Watakuja watu."

Ndugu walikaa chini kivulini, na mmoja wao akaanza kutandika mkeka. Loisi aliigeuza shingo yake kwa shida, akakunja sikio la kushoto mbele.

"Dresa," aliita. "Hapa nyuma pana nini?"

Barnaba aliinama akatazama. "Kidoa, mama. Kidogo sana."

"Kibaya?"

"Siwezi kujua kwa macho."

"Haidhuru. Kitie kwenye sanduku la huyu."

Barnaba akaenda kuleta spiriti. Teresia alisogea kwenye ncha ya benchi, akamshikia Loisi kichwa kitulie, kiganja chake kimoja chini ya shavu. Haikuchukua muda. Barnaba aliziba kichupa kwa nta, akaandika jina, akachora mstari chini yake kwenye fomu mpya iliyokuwa ndefu hadi kuning'inia nje ya meza.

"Kumi na watatu," alisema.

Teresia hakukitoa kiganja chake. "Huko dirishani," aliuliza, "kunakuwaje?"

"Asubuhi kuna joto," Loisi alisema. "Karani anafungua mapema. Mchana utasikia taipureta, usiogope. Jumapili hakuna kitu kabisa, na hiyo ndiyo siku ngumu. Ukiweza, Jumapili usikae peke yako."